Mwendo na Mahadhi ya Wimbo wa Paa Mwenye Kiu



Safu yetu mwezi huu inageukia jambo ambalo hatukutarajia kuliandikia. Mama mmoja, mkaazi wa Scarborough, ametuletea nakala ya karatasi ya nota aliyokuja nayo mwanawe kutoka skuli. Mtoto ana miaka 13, yumo katika kwaya, na kwaya inajitayarisha kwa tamasha. Wimbo wenyewe ni wa Kilatini na ulitungwa kwa ajili ya kanisa. Mama anauliza maswali matatu. Maneno yake yanasema nini? Je, kuuimba ni ibada? Na la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tuutolee ukurasa huu wote: kwa nini mtoto ambaye chuoni anakwenda kwa kuvutwa, wimbo huu anausikiliza chumbani mwake usiku, taa imezimwa, wala hataki kusemeshwa?

Tuanze na lililo jepesi. Wimbo unaitwa Sicut cervus, na mtungaji wake ni Giovanni Pierluigi, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la mji alikotoka, Palestrina, ulio karibu na Roma. Alizaliwa yapata mwaka 1525 Miladi na akafariki Roma mwaka 1594. Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Mwaka 1555 aliingizwa katika kwaya ya Papa mwenyewe, na mwaka ule ule akaondolewa na Papa Paulo wa Nne kwa kuwa alikuwa na mke, ilhali waimbaji wa kwaya ile walitakiwa wawe hawakuoa. Mwaka 1571 alirejea kuongoza waimbaji wa kanisa la Mtakatifu Petro, alikowahi kufanya kazi zamani, na hapo akabaki mpaka mauti yalipomfika.

Maneno ni machache mno, yametolewa katika Zaburi ya 42, ambayo katika hesabu ya Kilatini ni ya 41. Mwenye kuomba anaifananisha nafsi yake, inayomtaka Mola wake, na paa anayetafuta maji. Basi. Hamna ndani yake habari ya utatu, wala ya msalaba, wala jina la Nabii Isa (A.S.). Sisi Waislamu twaamini kwamba Nabii Daud (A.S.) aliteremshiwa Zaburi, nayo imetajwa katika Sura ya Nisaa, aya ya 163. Hatusemi kwamba kitabu kilichomo mikononi mwa Wakristo leo ndicho kile kile. Na kwa hakika Zaburi hii, katika vitabu vyao wenyewe, imeandikwa kuwa ni ya wana wa Kora, si ya Daud. Hata hivyo haifai kumficha mzazi jambo: Wakatoliki waliyatumia maneno haya katika ibada ya mkesha wa Pasaka, wakati wa kuyabariki maji ya ubatizo. Wimbo ulitungwa kwa ibada, na aliyeutunga alikusudia hivyo.

Je, mtoto anayeuimba skuli anaabudu? Safu hii haitoi fatwa. Wapo maulamaa wanaokataza kabisa kuimba nyimbo za ibada ya wengine, na wapo wanaotofautisha baina ya kujifunza na kuitakidi. Kila familia na iende kwa sheikh inayemwamini, ikiwa na karatasi mkononi na tafsiri ya maneno, kwani sheikh aliyeulizwa juu ya "nyimbo za kanisa" kwa jumla hawezi kujibu sawa na sheikh aliyeonyeshwa maneno yenyewe. Twaongeza jambo moja la sheria ya hapa tulipo. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufani ya Ontario, katika kesi iliyotoka Sudbury, iliamua kuwa sala za Kikristo za kufungulia siku katika skuli za umma zinavunja uhuru wa dini uliomo katika Mkataba wa Haki wa mwaka 1982, hata kama mtoto anaruhusiwa kutoka nje. Kwa kuwa mtoto anayetolewa nje mbele ya wenzake naye ameshashurutishwa kwa njia nyingine. Uamuzi huo ulihusu sala, haukuhusu somo la muziki. Lakini mzazi anayekwenda kuonana na mwalimu na aende akijua kwamba haendi kuomba hisani.

Sasa tuingie katika swali la tatu, nalo ni swali la mwendo, la mahadhi, na la hali ya moyo.

Mwendo kwanza. Juu ya karatasi ile pameandikwa tarakimu inayoonyesha mapigo mangapi yaimbwe kwa dakika. Wasomaji wasidanganyike: tarakimu hiyo si ya Palestrina. Imetiwa na mhariri wa zama zetu. Katika karne ya 16 hapakuwa na chombo cha kupimia mapigo, na watunzi kwa kawaida hawakuandika "polepole" wala "haraka". Walikuwa na kitu walichokiita taktusi, yaani mkono unaoshuka na kupanda kwa utulivu, na waimbaji wote wakiufuata. Gaffurius, mwalimu wa muziki wa Milano, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1496 kwamba kipimo chake ni mpigo wa mshipa wa mtu anayepumua kwa utulivu. Kipimo cha wimbo kilikuwa ndani ya mwili wa mwanadamu.

Je, hilo si geni kwetu? Aliyepita mikononi mwa mwalimu mzuri wa tajwidi, awe Unguja, Mombasa au Lamu, anakumbuka jinsi madi zilivyopimwa. Madi ya asili ni haraka mbili. Madi lazima ni sita. Na haraka ni muda wa kukunja kidole au kukikunjua, si upesi wala si kwa kuchelewa. Hapana saa, hapana chombo. Mwalimu anasikiliza, na vidole vyake juu ya paja vinakwenda. Na mwendo wa msomaji unapobadilika, vidole navyo hubadilika pamoja nao, ila nisba hubaki: sita ni mara tatu ya mbili, ukisoma kwa tahkiki, yaani taratibu kabisa, au kwa tadwiri, mwendo wa wastani, au kwa hadri, mwendo wa haraka. Waimbaji wa Palestrina nao walikuwa hivyo hivyo. Nota ndefu ilikuwa ndefu kwa kulinganishwa na fupi, si kwa kulinganishwa na saa ya ukutani.

Kwa hivyo mwalimu wa kwaya ana nafasi ya kuchagua. Tumesikiliza kanda na rekodi kadhaa za wimbo huu, na tumeona tofauti kubwa. Wapo wanaouburura mpaka maneno yanapotea, wakidhani kuwa utakatifu ni uzito. Wapo wanaoukimbiza. Rai yetu ni kwamba unapendeza unapokwenda kama mtu anayetembea bila ya kuogopa kuchelewa, na sehemu yake ya kwanza, ambayo ndiyo skuli nyingi huimba, ikamalizika kwa dakika tatu hivi. Mtoto wa mama yetu aliulizwa, akasema kwamba mwalimu wake huwaambia kwanza wapumue pamoja, ndipo aunyanyue mkono. Huyo mwalimu anaijua kazi yake.

Ama ufunguo wa sauti, yaani ile nota inayofanywa kuwa makao ya wimbo, hapo pana jambo linalowashangaza wengi. Nakala tuliyoletewa imeandikwa katika F. Nakala nyingine huandikwa juu zaidi kwa nota moja au zaidi. Ipi ni ya haki? Zote. Wakati ule nota haikufungwa kwenye kimo maalumu cha sauti kama ilivyofungwa leo kwenye piano. Kiongozi alitazama ni waimbaji gani anao, wavulana wangapi, mabesi wa namna gani, akaanzia pale koo zao zinapostahimili. Nasi tunayajua haya bila ya kuambiwa: hakuna anayemuuliza msomaji wa Kurani ameanzia nota gani. Huanzia palipo na sauti yake. Mzazi wa mvulana wa miaka 13 na alikumbuke jambo hili, kwa kuwa sauti ya mvulana wa umri huo inavunjika, na leo anaweza kupanda mahali ambapo baada ya miezi miwili hatapafikia. Akiomba ahamishwe kutoka sauti ya pili kwenda tena au besi, asichekwe nyumbani.

Muhimu kuliko kimo ni mpangilio wa nota zenyewe. Waalimu wa kanisa walihesabu mipangilio minane, na Glareanus, katika kitabu kilichochapishwa Basel mwaka 1547, akaifanya kumi na miwili. Kila mmoja ulikuwa na nota yake ya kumalizia, na ulidhaniwa kuwa na tabia yake: huu wa unyenyekevu, huu wa hasira, huu wa machozi. Msomaji wetu hapa atatabasamu, kwa sababu ndiyo habari ya maqamu. Tangu Sultani Barghash alipoleta taarabu ya Misri katika kasri yake, na Ikhwani Safaa ikaanzishwa Unguja mwaka 1905, wanamuziki wa pwani wamekuwa wakiyataja majina yale yale yanayotajwa Cairo: Rasti, Bayati, Hijazi, Saba, Sika, Nahawandi. Wasomaji wa Misri wana ada ya kuanza kwa Bayati na kurudi kwayo mwisho. Istanbul wana desturi ya kuadhini alfajiri kwa Saba, maqamu ya huzuni, na Isha kwa Hijazi. Watu wa Roma na watu wa Cairo hawakukaa barza moja kuagana, lakini wote waliona kwamba moyo una milango, na kila mpangilio wa sauti unao ufunguo wake.

Lakini wimbo wa paa unatupa fumbo. Mpangilio wake, ukiusikiliza kwa masikio ya leo, ni ule ambao watoto hufundishwa skuli kwamba ni "wa furaha". Na kanuni hiyo ya skuli, kwamba mpangilio mmoja ni furaha na mwingine ni huzuni, tunaiona nyembamba sana. Mtoto haufungii mlango wimbo wa furaha akausikiliza gizani. Hali iliyomo humu si furaha wala si huzuni. Ni shauku, ni ile hali ya mtu aliye mbali na anachokipenda, lakini anajua kipo wapi.

Shauku hiyo imetengenezwaje? Tazameni sauti zinavyoingia. Anaanza tena peke yake. Kabla hajamaliza, sauti ya pili inaingia na maneno yale yale na mahadhi yale yale, juu kidogo. Kisha sauti ya kwanza. Mwisho kabisa, besi. Kila mmoja anasema lile lile, ila hawasemi kwa wakati mmoja, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Mahadhi yanapanda hatua kwa hatua, na yakiruka juu, hushuka kwa upole kulijaza pengo. Na mara kwa mara sauti moja inaing'ang'ania nota yake wakati wenzake wameshahama. Kwa muda mfupi zinakwaruzana, kama ndimu ilivyo kali ulimini, kisha ile iliyong'ang'ania inashuka hatua moja na utamu unarudi. Mkwaruzo huo hauji kwa ghafla. Nota hutayarishwa kwanza ikiwa tamu, ndipo iwe kali, ndipo itulie. Kiu, kungoja, na kushushwa: maana ya maneno yamefanywa kuwa mwendo wa sauti, na mtoto asiyejua neno la Kilatini anaisikia.

Tunasisitiza neno "maneno", kwa sababu hapo pana ugomvi wa zamani. Baraza kuu la Wakatoliki lililokutana Trento kuanzia 1545 hadi 1563 lilizungumza pia juu ya muziki wa kanisa. Walalamikaji walisema kuwa waimbaji wanasuka sauti nyingi mno hata maneno hayasikiki, na kwamba mahadhi ya nyimbo za mitaani yameingizwa ibadani. Palestrina alitunga katika zama za malalamiko hayo, na uwazi wa maneno yake unatokana kwa kiasi na hayo. Nasi je? Kanuni ya kwanza ya tajwidi ni haki ya herufi. Sauti nzuri inapendeza, na Mtume (S.A.W.) alimsifu Abu Musa al-Ash'ari akaifananisha sauti yake na zile za jamaa za Nabii Daud, lakini madi haivutwi kupita kiasi chake ili maqamu ipambike. Na Lamu, Habib Swaleh alipoyaeneza maulidi ya al-Habshi na matari yakapigwa, walikuwapo wakubwa wa mji waliokasirika. (Wapo wasomaji wetu wasioshiriki maulidi kabisa. Tunawaheshimu, na hatuufungui mjadala huo hapa.) Tunataka tu ijulikane kwamba swali la mama wa Scarborough, sauti imfikishe mtu wapi na ikomee wapi, limeulizwa katika misikiti na makanisa kabla hajazaliwa yeye wala sisi.

Mji huu nao una historia yake katika jambo hili. Mwaka 1913 alihamia hapa Mwingereza mmoja aliyeitwa Healey Willan, mpiga kinanda na mtunzi. Kuanzia mwaka 1921 hadi alipofariki mwaka 1968 aliongoza muziki wa kanisa la Anglikana la St. Mary Magdalene, magharibi ya katikati ya jiji. Aliweka kwaya mbili: moja mbele, ikighani kwa sauti moja kama walivyoghani watawa wa zamani, na nyingine juu ghorofani nyuma, ikiimba kazi za akina Palestrina. Mwaka 1937 Wakatoliki nao walianzisha skuli ya kwaya ya wavulana kandokando ya kanisa lao kuu la St. Michael. Tunayataja haya kwa sababu moja. Willan alikuwa mhamiaji kama sisi, na alichokuja nacho alikipa saa, mahali, na waalimu.

Hapa ndipo tunapomjibu mama, na jibu letu huenda lisiwapendeze baadhi ya wakubwa wa jamii. Mtoto wake hakuvutwa na ukanisa. Amevutwa na utulivu. Tulipomuuliza ni nini anachokipenda, hakutaja Kilatini wala dini, alisema, "Pale hatuharakishwi." Chuoni, tunavyojua, hukaa saa mbili siku ya Jumamosi, watoto thelathini na mwalimu mmoja wa kujitolea, na mzazi mlangoni anauliza mtoto amefika juzuu ya ngapi. Mwalimu maskini afanyeje? Anawapeleka kwa hadri, na hadri isiyotanguliwa na tahkiki ni kukimbia tu. Sura ya Muzzammil, aya ya 4, inaamrisha tartili. Mtoto mwenye sikio ameitafuta tartili akaikosa mahali ilipopasa kuwapo, akaikuta kwa mwalimu wa kwaya anayewaambia watoto wapumue kwanza.

Kwa hivyo kumkataza kwaya peke yake hakutamrudisha. Tunapendekeza, kabla ya uamuzi wowote, apewe chuoni robo saa ya tahkiki, aya tatu au nne tu, vidole vikihesabu. Asikilizishwe Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye mwaka 1961 kisomo chake cha Kurani nzima kwa murattali kilirekodiwa Misri, cha kwanza cha aina yake. Kisha asikilizishwe Sheikh Mustafa Ismail akisoma kwa mujawwadi, ahesabu aya ile ile inachukua muda gani kwa huyu na kwa yule, na aseme ni wapi Bayati imeacha njia na maqamu nyingine imeingia. Mtoto aliyekwisha kufunzwa kusikiliza sauti nne kwa pamoja ataisikia tofauti hiyo mapema kuliko wengi wetu. Na ikiwa anaweza kuishika nota moja bila ya kuyumba, mwalimu wa chuo na amweke akae na wadogo, awaonyeshe namna ya kuvuta pumzi kabla ya madi.

Walio na kanda za zamani za Sheikh Husary ambazo bado zinasikika, tunaomba watuarifu tuzinakili kwa ajili ya vyuo. Na kwa kuwa wengi wameuliza tofauti ya Rasti na Sika, mwezi ujao, inshallah, tutaieleza kwa kirefu.